PHP inakata okteti, sisi tunasoma maneno



Mu ukurasa huu wengine wanachambua kitabu, wengine wimbo, wengine sheria mupya. Mimi leo ninaweka mezani kitu kidogo sana: namna lugha ya PHP inakata maandishi marefu kuwa vipande. Wenye hamukusoma informatike musikimbie. Habari hii inagusa mesaji munazopokea ku simu, majina yenu ku orodha za matokeo, na pesa ya inite inayotoka mu mufuko wa mutu.

Hukumu yangu ninaitoa mapema ili tusizunguke. PHP iko na amri nzuri za kukata maandishi. Lakini ile yenye jina rahisi njo yenye kuharibu, na zile zenye kufaa zimefichwa nyuma ya majina magumu. Na hata zile zenye kufaa hazijui neno ni nini. Ile kazi ilibaki kwetu, na sisi hatuifanyi.

Tuanze na amri yenyewe. Inaitwa str_split. Unaipa maandishi na namba, inakurudishia orodha ya vipande. Ukiandika str_split("Bukavu", 2) unapata Bu, ka, vu. Safi kabisa. Usipotoa namba, inakata moja moja. Ni mustari mumoja, unaelewa kwa dakika moja, unaweka mu programu, unalala usingizi.

Sasa badilisha neno. Andika str_split("été", 2). Neno hili liko na herufi 3, kwa hiyo unangoja vipande viwili: ét na é. Hapana. Unapata vipande vitatu. Cha kwanza ni é nzima. Cha pili ni t pamoja na nusu ya herufi. Cha tatu ni nusu ingine, peke yake, kama mutoto amepotea ku soko. Ku skrini unaona ile alama nyeusi yenye kiulizo ndani, ile tunaijua sote.

Sababu iko wazi. PHP haihesabu herufi, inahesabu okteti (wenye kusoma Kiingereza wanasema baiti). Mu UTF-8, mupango wa kuandika herufi ambao Ken Thompson na Rob Pike waliuchora mwaka 1992, a inachukua okteti 1, é inachukua 2, ɛ na ɔ za Lingala zinachukua 2 kila moja, ile apostrofi iliyopinda inachukua 3, na emoji nyingi 4 ao zaidi. Uliza PHP urefu wa été kwa strlen, inajibu 5. Haidanganyi. Inajibu ulizo lingine, siyo lako.

Hapa lazima niwe wa haki, juu mukosoaji asiye na haki ni mutukanaji tu. Rasmus Lerdorf alianza PHP mwaka 1994 kwa kazi za ukurasa wake mwenyewe, na akaitoa kwa batu mwaka 1995. Zamani zile, mu lugha nyingi za Ulaya ya magharibi, okteti moja ilikuwa herufi moja, na é yenyewe ilikaa ndani ya okteti moja bila matata. Kuhesabu okteti kulikuwa kuhesabu herufi. Tena, ziko kazi ambazo kukata kwa okteti ni sawa kabisa. Angalia chunk_split, ndugu ya str_split. Usipoiambia kitu, inakata kila baada ya 76 na kuweka mwisho wa mustari. Ile 76 haikuanguka kutoka mbinguni: ni kipimo cha mistari ya base64 mu barua pepe, na base64 haina asenti hata moja. Kwa kazi ile, chunk_split ni fundi muzuri. Ukikata faili ya picha ili itumwe pole pole ku muunganisho dhaifu, okteti njo kipimo cha kweli.

Kwa hiyo simulaumu mukasi. Ninalaumu jina lililoandikwa ku mukasi. Amri inajiita mukataji wa maandishi, kumbe ni mukataji wa okteti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anasoma jina, anaamini jina.

Angalia sasa vile marekebisho yalikuja. str_split iliingia na PHP 5, mwaka 2004. Ndugu yake anayejua herufi, mb_str_split, aliingia na toleo la 7.4, mwezi wa 11 mwaka 2019. Miaka 15 kati yao. Mu miaka ile yote, mwenye kutaka kukata herufi nzima nzima alipashwa kuandika preg_split('//u', $neno, -1, PREG_SPLIT_NO_EMPTY), kitu ambacho mutu hawezi kukikumbuka asipokinakili fasi fulani.

Haikukosa watu wa kujaribu. Kuanzia 2005, timu ya PHP ilitengeneza toleo la 6 ambalo lingejua Unicode kutoka ndani kabisa, kila maandishi yakiwekwa mu UTF-16. Kazi ilikuwa nzito, programu zilikuwa polepole, kumbukumbu ya mashine ilijaa, na mwaka 2010 wakaiacha. Njo maana PHP ilitoka 5 ikaruka mpaka 7, mwaka 2015. Toleo la 6 halikutoka hata siku moja. Ninaelewa uamuzi ule. Lakini matokeo yake ni haya: PHP ilibaki haijui herufi, na mzigo wa kujua ukawekwa ku kichwa cha kila muprogramu, hata yule wa Goma mwenye anajifunza ku simu ya kuazima.

Na ile mb mbele ya jina inasema nini? Inasema "okteti nyingi". Hata jina la dawa linaongelea okteti, haliongelei musomaji. Tena mbstring ni nyongeza ambayo haiwashwi yenyewe. Mwenye seva lazima aiwashe. Jina fupi ni barabara ya lami. Jina refu ni njia ya porini, na ku mulango wake kuko kizuizi. Halafu tunashangaa kwa nini magari yote yanapita ku lami.

Mu 2024, toleo la 8.4 lilileta ingine tena: grapheme_str_split. Hii inatambua kile jicho linaona kuwa alama moja. Mufano wetu wa nyumbani ni bendera ya Kongo ku kibodi ya simu. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa Unicode ni alama 2 zinazofuatana. Kwa okteti ni 8. str_split inaipasua mara 8, mb_str_split inaipasua mara 2, na ni grapheme_str_split peke yake inaiacha nzima. Vilevile ɔ ya Lingala ukiiwekea alama ya toni juu: jicho linaona herufi moja, mb_str_split inaona mbili, na toni inaweza kujikuta ku kipande kingine, mbali na herufi yake. Wenye kufanya memwari juu ya lugha zetu za taifa, hii ni shida yenu kabla ya kuwa ya wengine.

Sasa tuingie ku kitu ambacho kinaniuma zaidi.

Kiswahili chetu hakina asenti. Karibu kila herufi yake inachukua okteti 1. Kwa hiyo muprogramu wa hapa anajaribu programu yake na "Jambo, habari ya asubuhi", kila kitu kinapita, anasema imeisha. Kosa linajificha. Linangoja jina la Élie, linangoja neno diplôme, linangoja ng’ombe yenye apostrofi iliyopinda ambayo kibodi ya simu iliiweka bila kuuliza. Nimeona kwa macho yangu orodha ya matokeo ku ukuta wa shule moja, sitaitaja, ambapo programu ilichukua herufi ya kwanza ya kila jina. Wote wenye É mwanzoni walikuwa na alama ile nyeusi. Batu walicheka. Lakini mutu mwenye jina lake limekuwa kiulizo hacheki sana. Kesho yake njo jina lile lile atapeleka ku ofisi ili lifananishwe na kadi ya uchaguzi.

Na kuna kosa baya kuliko herufi kuvunjika, juu hili halionekani kabisa. Soma sentensi hii:

Malipo hayatapokelewa baada ya tarehe 30.

Maana yake ni wazi: ukichelewa, umekosa. Sasa tuseme sentensi hii iko ndani ya maandishi marefu, na kikomo kinaanguka baada ya herufi yake ya 11. str_split inatoa:

Malipo haya
tapokelewa baada ya tarehe 30.

Soma tena kama vile tunasoma mesaji, haraka, tukiwa ku moto. "Malipo haya… tapokelewa baada ya tarehe 30." Mu midomo yetu, mutu anajaza ile ya iliyokosekana bila kufikiri. Katazo limegeuka ruhusa. Hakuna herufi hata moja imevunjika, hakuna alama nyeusi, mashine imefanya kazi yake bila lawama. Na mwanafunzi analeta pesa tarehe 31.

Musifikiri nimetafuta mufano wa bahati. Ni sarufi yetu yenyewe. Kiswahili kinaweka ukanusho mwanzoni mwa kitenzi, ha-, ukigandana na kiwakilishi. Kwa wingi wa batu, ha na wa inatoa hawa. Kwa ngeli ya malipo, mambo na maji, ha na ya inatoa haya. Yote mawili ni maneno kamili yenye maana ingine: hawa hapa, haya hapa. Kwa hiyo "Wanafunzi hawatafanya mtihani" ikikatwa vibaya inakuwa "Wanafunzi hawa" na "tafanya mtihani". Kifaransa kinaweka ne na pas mbali mbali, maneno mafupi yenye nafasi pande zote; ukikata, mara nyingi kipande kimoja kinabaki kuonya. Kiswahili kinaweka "hapana" ndani ya neno. Ukipasua neno, umepasua "hapana".

Njo maana sikubali wenye kusema: "Tumia tu mb_str_split, shida imeisha." Haijaisha. mb_str_split inakata vizuri herufi, lakini inatoa ile ile "Malipo haya". Kuheshimu herufi siyo kuheshimu musomaji.

Tuseme pia habari ya pesa, juu wengi watasikia zaidi hapo. SMS moja inabeba herufi 160 ikiwa zote ziko mu alfabeti ya GSM. Alfabeti ile inajua é na è na à. Haijui ê, ô, û, wala apostrofi iliyopinda, wala ɛ na ɔ. Herufi moja tu kati ya hizo ikiingia, kwa kanuni mesaji yote inahamia mu mupango mwingine, na nafasi zinashuka kutoka 160 mpaka 70. Ikiwa mesaji ni ndefu na simu inaunganisha vipande, kila kipande kinabeba 67 tu. Neno moja, diplôme, linatosha. Muprogramu amekata kila herufi 160, anahesabu SMS 1. Kipande kile kinaondoka kama SMS 3. Zidisha kwa promosiyo nzima. Chama chenye kukusanya franga mia mia kinalipa mara tatu kwa kofia ya ô. Na hakuna amri ya kukata mu PHP inayokuambia hivyo, juu zote zinahesabu ndani ya seva, haziangalii mesaji itapitia wapi.

Nusu ya herufi haiharibu skrini tu. Ikiingia mu json_encode, ile amri inayotayarisha data kwa programu ya simu, jibu ni false. Siyo herufi moja inakosekana: jibu lote linakosekana. Mutu anafungua programu, anaona ukurasa mweupe. Anasema muunganisho ni mubaya. Muunganisho hauna kosa.

Sasa, nani wa kulaumu? Sehemu moja ni PHP, nimeshasema. Ingine ni namna tunafundishana. Mu memwari nyingi za informatike, jury inauliza michoro, inauliza usalama wa nywila, inauliza kwa nini ulichagua hifadhidata hii. Sijasikia mara nyingi mutu anauliza: "Ulijaribu na jina gani?" Tunajaribu na "test", tunajaribu na "aaa". Programu inahitimu, haijawahi kukutana na jina la Mukongomani hata moja. Tunaandika programu kwa batu wenye lugha tatu, tunaijaribu kwa lugha ya mashine.

Wengine watasema: hizi ni anasa, sisi bado tunatafuta umeme. Ninajibu kwa heshima: ni kwa sababu umeme ni wa shida, mesaji inapashwa kufika vizuri mara ya kwanza. Mwenye muunganisho wa saa yote atauliza tena. Yule mwenye alichaji simu ku kibanda cha jirani atasoma mara moja na kuamua.

Kukosoa bila kuonyesha njia ni nusu ya kazi, kwa hiyo niseme ninavyofikiri. Kabla ya kukata, uliza: kipande kinaenda kwa nani?

Kikienda kwa mashine, faili ao base64, kata kwa okteti. str_split na chunk_split ziko fasi yao.

Kikienda ku skrini, herufi moja moja, kama herufi za kwanza za majina, tumia mb_substr ao mb_str_split. Na kama kuna toni ao emoji na seva yako iko na 8.4 pamoja na nyongeza ya intl, tumia grapheme_str_split.

Kikienda kwa mutu wa kusoma, usikate herufi, kata ku nafasi kati ya maneno. Amri ya zamani wordwrap inajaribu hivyo, na mimi ninaihukumu kuwa bora kati ya zile za kale. Inahesabu okteti pia, kwa hiyo ku Kifaransa inavunja mustari mapema kuliko ulivyoomba, lakini inavunja ku nafasi, haigusi ndani ya neno. Isipokuwa umeweka true mwishoni: hapo neno lenye kupita kikomo linapasuliwa, asenti na yote. Na mpaka 8.4, wordwrap haijapata ndugu wa mb. Kwa hiyo jitengenezee. Gawa maandishi ku nafasi kwa preg_split('/\s+/u', …). Chukua neno moja moja, ongeza ku kipande, pima kwa mb_strlen. Likipitisha kikomo, funga kipande, fungua kingine. Ni mistari kumi na kitu. Andika 1/2 na 2/2 ku kila kipande, juu SMS zilizotumwa mbali mbali haziahidi kufika kwa mupango. Na kama katazo na tarehe yake vinaweza kukaa mu kipande kimoja, viweke humo kwa mukono wako. Hakuna amri ya PHP itakayojua kwamba sentensi ile njo yenye kuamua mwaka wa mutu.

Hayo yote hayataki kompyuta ya bei wala toleo la mwisho. Yanataka tu muprogramu akumbuke kwamba ku mwisho wa ile orodha ya vipande kuko mutu anasoma.

Ninaacha kazi moja kwenu, hasa wafinalisti. Fungua programu yako ya sasa, ile ya memwari ao ile ya kanisa ao ya ushirika wa akina mama, na uipitishe maneno haya: été, diplôme, ng’ombe, bendera yetu, na "Malipo hayatapokelewa baada ya tarehe 30". Angalia kinachotoka upande wa pili. Kama "haya" ilibaki peke yake, bado hujamaliza memwari.